Chupa ya Ukwaju

Kitendawili: mwenyewe kaondoka, mkono wake umebaki mezani. Tunu alilijua jibu. Tangu mama yake azikwe, baba yake, Mzee Shebwana, hakula chakula kisichotiwa sosi ya ukwaju ya marehemu. Tunu akawa anaitumia kwa kubana: tone kwenye mayai, kijiko kwenye maharage, samaki akipakwa kwa unyoya. Leo ilikuwa imebaki kidogo tu kwenye kitako cha chupa.

"Chupa haimalizwi, mwanangu," mama alizoea kusema. "Mpya humiminwa juu ya ya zamani, zizoeane."

Basi Tunu akachemsha ukwaju wake mwenyewe, akaupoza, akaumimina, akaitikisa chupa huku anaomba. Baba asipokula hii, hatakula tena.

Mzee akaonja ndizi zilizotiwa sosi hiyo. Akaonja tena.

"Tangawizi imezidi."

"Nisamehe, baba."

"Siyo wewe, ni yeye. Kila siku namwambia, hasikii!" Akacheka, akamega tonge kubwa.

Tunu hakutia tangawizi hata chembe.

Mzee akavuta kiti cha tatu, alichokuwa akikalia mama, akakifuta vumbi kwa kiganja. Ndani ya chupa, viputo vidogo vilianza kupanda kutoka chini, kimoja kimoja.