Wanaolila Jiwe

Uvumi ulimganda Nyamizi asiweze kuubandua: eti mjamzito akila unga wa lile Jiwe Lililosimama, hujifungua bila taabu. Kisimani aliucheka pamoja na wenzake. Aliporudi nyumbani, bintiye Kabula, mwenye mimba ya miezi saba, hakuwapo, wala kisu cha jikoni.

Alimkuta nyikani, ndani ya uzio wa serikali, amechuchumaa akikwangua. Jiwe lilisimikwa na watu wa kale wasiojulikana, refu kupita nyumba. Lakini chini lilikuwa limeliwa na wajawazito mpaka likabaki jembamba kama shingo ya kibuyu, na juu limemwinamia Kabula.

Nyamizi alijizuia kupiga kelele. Alisogea polepole.

"Tamu?"

"Linanukia mvua ya kwanza, mama. Onja!"

"Nitaonja nyumbani. Nipe mkono."

"Ngoja nijaze kikombe. Hata wewe ulikula kichuguu ukiwa na mimba yangu, bibi kanisimulia."

"Nilikula. Ila kichuguu hakikuwa na kichwa cha kuniangukia. Inuka, mama'angu."

Kabula akacheka, akashika mkono, akainuka. Walipofika kwenye uzio, nyuma yao mchanga ulikuwa ukichuruzika kutoka shingoni mwa Jiwe, taratibu, bila upepo.

Basi, wenye mimba: msivuke uzio ule. Msikwangue. Msikae upande linakoinamia. Msile vumbi lake hata mkiletewa mlangoni. Na ukimkuta mwenzio amechuchumaa pale, usimpigie kelele akashtuka akaliegemea.