Dakika Moja ya Kusoma

"Hivi mwenzangu, mjukuu wako anasoma, au anaimba?"

Jirani aliuliza huku akicheka, siku alipomwona mtoto akisoma hadithi ya mbuzi kwa mbwembwe, na kitabu kichwa chini miguu juu. Bibi hakucheka. Swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tangu afiwe na mume, bibi alikuwa mfagizi wa shule aliyosoma mjukuu wake. Kesho yake akamfuata mwalimu wa darasa la pili.

"Mwalimu, mtoto hajui kusoma. Usimpandishe darasa."

Mwalimu alimtazama kuanzia kandambili hadi kilemba. "Mama, kazi yako ni panya wa stoo. Umeshaweka sumu?"

"Nimeweka."

"Basi niachie watoto wangu. Mwaka wa tatu huu darasa langu linaongoza. Ukinichafulia jina, utatafuta ufagio kwingine."

Bibi akatia mkono mfukoni mwa aproni, akamwomba Mungu kimoyomoyo.

Siku ya kipimo cha kusoma, mkaguzi wa shule alikaa mbele na saa yake na nakala yake ya hadithi. Kila mtoto dakika moja. Atakayeshindwa atabaki darasa hilohilo, afundishwe upya kuanzia herufi.

Mwalimu alisimama dirishani, kifua mbele. "Wewe, gawa karatasi halafu utoke," alimwamrisha bibi.

Bibi akagawa, ya mjukuu wake ikawa ya mwisho. Hakutoka.

Zamu ya mjukuu ikafika. Akasimama, karatasi mbele ya uso, akaimwaga hadithi kama maji: mbuzi katoroka, mvua ikanyesha, mbuzi karudi nyumbani analia. Hakukwama hata mara moja. Mkaguzi, macho kwenye nakala yake, akaweka alama ya vema. "Safi sana. Sekunde arobaini tu!"

"Umesikia, mama?" Mwalimu alipaza sauti darasa zima lisikie. "Na ule mdomo wako uko wapi leo? Haya, mwombe mtoto msamaha."

Bibi akamsogelea mjukuu, akampapasa kichwa. Akaichukua karatasi mikononi mwa mtoto taratibu, akampelekea mkaguzi.

"Hebu nisomee na mimi, mwanangu. Miwani yangu imevunjika."

Mkaguzi akaipokea, akasoma kwa sauti: "Sumu kali ya panya. Weka mbali na watoto."

Mwalimu akachukua mkoba wake, akatoka.