Nafasi Themanini

Mara ya tisa, kompaila ikakatikia palepale. Revelian akasukuma kiti, akatoka barazani, akarudi, akakaa, akasimama tena.

Simu ikaita. Alikuwa Sista Herieth, muuguzi wa zahanati moja huko Kibamba.

"Braza, pampu vipi? Nina wazazi wawili leba na maji ndoo moja."

"Nipe nusu saa, sista."

Nusu saa hiyo alishaiomba mara tatu. Pampu mpya ya kisima ilikwishafungwa. Ilisubiri programu ya kuiendesha. Revelian alikuwa ameiandika tangu juzi. Lakini kompaila, ile ya kugeuza maandishi yake kuwa lugha ya mashine, ilikuwa kuukuu, na mtambo wa kisima haukuelewa nyingine.

Bibi Genoveva, mwenye nyumba wake hapo Tabata, mstaafu wa serikali, alikuwa mlangoni akichambua mchele.

"Mafaili yako umeyaweka wapi?"

"Humuhumu kwenye kompyuta, bibi."

"Folda ngapi ndani?"

"Bibi, samahani, hii si taipureta ya ofisini kwenu."

Bibi akarudia mchele wake. Revelian akajaribu mara ya kumi, ikakatika. Swali lile likamkera kama mbu sikioni. Mwishowe akahesabu: folda ndani ya folda, saba. Anwani nzima ya faili, herufi mia na kumi na mbili.

Akafungua maandishi ya kompaila yenyewe, akateremka mstari kwa mstari. Hapo: anwani ya faili ilitengewa nafasi themanini. Herufi zikizidi hapo, zinamwagikia pasipo pake, kompaila inazimika bila hata kusema kosa.

Akafuta themanini, akaandika elfu moja. Akaijenga upya, akaipa programu yake. Mistari ikapita, ikapita, ikafika mwisho.

Akaituma Kibamba. Robo saa baadaye Sista Herieth alipiga. Aliishikilia simu tu kwenye tangi, maji yasikike yakishuka.

Revelian akacheka peke yake.

"Jamaa aliyeitengeneza hii kompaila alikuwa mchoyo, bibi. Herufi themanini tu!"

"Sabini na tisa," Bibi Genoveva akamrekebisha, bila kuinua macho. "Nafasi ya mwisho niliiacha kwa alama ya kufungia anwani."