Boti ya Kiplimo

Okeyo hakuwa na wivu. Namjua kuliko mama yake anavyomjua, na ninawaambia hakuwa na wivu hata wa kujaza kizibo cha soda.

Ila asubuhi ile ya Julai 2010, kando ya bwawa la ng'ombe kule Kapseret, macho yake hayakuondoka kwa Faith. Baridi ilikuwa ile ya kumfanya jogoo aahirishe kazi. Faith alikuwa ameipakata boti ya kuchezea ya rafiki yake Okeyo, Kiplimo, ndani ya shuka kama mtoto mchanga, kwa sababu injini ya nitro ikiwa na baridi haiwaki hata uiombee.

Zamani alikuwa akipakata ya Okeyo. Kabla ya ule uchaguzi wa 2007 na fujo zake kulikuwa na boti mbili, injini zote zimeletwa kutoka Ujerumani na mjomba wa Kiplimo, mkimbiaji. Halafu Januari 2008 nyumba ya kina Okeyo kule Langas ikachomwa, familia ikapanda lori kwenda Kisumu, na boti yake, alivyoamini, ikaenda na moshi.

Sasa amerudi kutembea, anakuta mwenzake ana boti ya buluu inayong'aa, na Faith kama bakshishi. Alisema ni boti nzuri. Alisema mara nne.

Kiplimo alimweleza kwamba haijawahi kuguswa na maji. Alikuwa akimngoja Okeyo arudi ndipo aizindue. Okeyo akaelewa kwamba ameitwa kuja kuringiwa.

Kiplimo akaifungua sindano, ile skrubu ndogo inayopimia injini mafuta. Penye baridi huwa unaifungua zaidi. Ukiifunga, injini inakosa mafuta, inakimbia kama imechokozwa na nyuki, halafu inajiua. Alipomaliza, yeye na Faith wakapanda nyumbani kuchemsha maji ya kupashia injini. Okeyo akabaki kuilinda boti, kama rafiki mwema.

Waliporudi na maji, iliwaka mara ya kwanza. Ikazunguka bwawa mara tatu kwa kasi ambayo Kapseret haikuwa imeiona, ng'ombe wakaacha kunywa. Faith akaushika mkono wa Kiplimo. Mzunguko wa nne, injini ikapiga yowe moja, ikanyamaza katikati ya maji.

Kiplimo aliingia na suruali yake. Alitoka midomo ikitetemeka, akajaribu kuizungusha injini, wapi. Vyuma vilikuwa vimeshikana kabisa. Akaikagua sindano. Ilikuwa imefungwa.

Hakumlaumu mtu. Alisema ni yeye, lazima aliizungusha upande usiofaa kwa sababu ya ganzi. Alisema hivyo akiipangusa boti kwa shati lake kavu, huku yeye mwenyewe akichuruzika. Kisha akamwekea Okeyo mikononi.

"Buda, nisamehe. Hii ni yako. Niliitoa kwa nyumba yenu kabla moto haujafika chumba chako. Mbao nimejenga upya, na yangu nikaivunja nipate spea. Nilitaka tu uione ikikimbia kwanza."

Okeyo alilia mpaka Kiplimo akaanza kumbembeleza, yule aliyelowa akimfariji aliyekauka.

Lakini si kosa la Kiplimo, wala si la mtu yeyote. Ni baridi. Chuma kikipigwa na baridi ya huku hujikaza chenyewe, na skrubu ndogo kama ile hujifunga polepole bila kuguswa. Ni sayansi, tulisoma Form Two. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza wageni kutoka Moi's Bridge Jumamosi iliyopita, walipokuja bwawani na boti zao wakauliza kama hali ya hewa ya Kapseret ina shida. Walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akaanza hata kuifunika boti yake koti.

Nyuma yangu, Faith aliweka birika chini.

"Siku hiyo nilikuwa nimerudi bwawani kuchukua jagi, Okeyo," akaniambia. "Baridi haina vidole."