Pistoni ya Gamaliel

Kwaya ilipofika ubeti wa tatu, Philémon alikuwa ameshapitisha tupa mara arobaini kwenye pistoni isiyokuwa yake. Alitoroka ibada ya Jumapili akijifanya tumbo linamkata, akaingia karakana ya shule. Akasugua ubavu wote kwa mzunguko, akipunguza unene wa unywele tu, kiasi cha kuiua injini bila mtu kuona.

Pistoni ilikuwa ya Gamaliel. Kila kitu siku hizi kilikuwa cha Gamaliel! Wote wawili walikuwa walimu wa ufundi katika shule moja ya serikali hapo Kamina, tena Philémon alimtangulia kazini kwa miaka sita. Lakini mwaka huo wa 1999, vita vilipofunga njia na mazutu, yaani dizeli, ikaadimika, ni Gamaliel aliyeyeyusha sufuria za aluminiamu, akamimina pistoni iliyojaa silinda barabara, akaunda injini inayokunywa mawese. Katika kila jaribio injini ilikwama baada ya dakika ishirini, naye akasema kosa ni la mafuta. Hata hivyo watu walishaanza kumwita enjeniere. Philémon roho ilimuuma hadi chakula kikamshinda.

Na kulikuwa na kazi Lubumbashi. Kesho yake tume ya serikali ingekuja kwa ndege. Injini ikizunguka saa nzima, aliyeiwezesha angeondoka na ndege hiyo hiyo, yeye na familia yake, akaviacha vita nyuma. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, na Philémon alikuwa na watoto watano.

"Kama si mimi, basi asiende mtu," alijisemea, akairudisha pistoni mahali pake. Sasa ilicheza ndani ya silinda kama jino la mtoto. Akarudi kanisani kuwahi sala ya mwisho.

Jumatatu injini iliwaka. Ilikohoa, ikatoa moshi mwingi, ikapata moto, kisha ikazunguka kwa utulivu. Dakika ishirini zikapita. Arobaini. Saa nzima! Matthias, mkuu wa tume, alipiga makofi. Philémon naye akapiga.

Ilipopoa wakaifungua. Gamaliel aliishika pistoni, akaigeuza, akapitisha kidole ubavuni.

"Hizi alama za tupa haziko zangu," akasema. "Nani aligusa mota yangu?"

Mlangoni walisimama wanajeshi wawili. Siku zile aliyeharibu mali ya serikali aliitwa adui, na adui hakurudi kwake. Philémon alihisi macho yote yanamtafuta yeye.

"Njo Mulumba!" akapaza sauti. Mulumba alikuwa mfagiaji wa karakana, mzee mkimya aliyetunza ufunguo. "Minyi nilimuona na macho yangu, jana siku ya yenga, watu wako ku kanisa, tupa mu mukono. Naapa mbele ya Mungu."

"Uko na hakika, mwalimu?" Matthias akauliza.

"Hakika kabisa."

Gamaliel alimwendea mzee polepole. Kisha akamkumbatia.

"Papa Mulumba! Aluminiamu ikipata moto inavimba, na minyi sikuiachia nafasi. Miezi munane nalaumu mafuta, kumbe weye njo uliona!" Akamgeukia Matthias. "Bila yeye minyi nilishindwa. Mukate jina yangu, muandike yake."

Mulumba alifungua mdomo. Akamtazama Philémon, akaitazama karatasi ya safari mkononi mwa Matthias, akaufunga.

Matthias akaandika. Halafu akamsogezea Philémon kalamu.

"Mwalimu, weye njo ulimuona. Tia sinyature hapa, pa shahidi."