Mikono ya Mzee wa Dubbo

Huku Australia siku hizi daktari hasoti tena miaka na miaka akisubiri nafasi ya ubingwa. Unapandikizwa kumbukumbu za mikono ya bingwa aliyefariki, na wiki inayofuata unaingia chumba cha upasuaji. Mimi, Zamda wa Tanga, nilipewa mikono ya mzee mmoja wa mji wa Dubbo aliyeitwa Hargreaves. Zaidi ya jina sikuambiwa kitu. Wanaosema ni njia ya mkato waje wanione nikishona utumbo. Sijawahi kurudia mshono.

Jumapili nilimkalisha mwanangu Nasra mkekani nimsuke twende kilioni kwa jirani, msuko niliofundishwa na mama kabla sijajua kusoma. Nikachukua chanuo. Vidole vililishika kama kisu cha upasuaji, vikapasua njia zilizonyooka ajabu, na kila ncha ya nywele vikaifunga fundo la mshono.

"Mama, leo umemshinda hata bibi," Nasra akasema, akijitazama kwenye kioo.

"Mama yako bingwa," nikamjibu, na nilimaanisha.

Kisha mkono wangu ukashuka wenyewe, ukamshika ndewe ya sikio, ukaivuta taratibu. Sijawahi kumfanyia hivyo. Hata mama hakuwahi kunifanyia mimi.

Nasra akacheka. "Tena, mama!"

Kabla sijaamua, mkono ulikuwa umeshalirudia sikio lake, kwa upole wa baba aliyemkuta mwanawe baada ya safari ndefu.