Njia ya Mawe Meupe

“Tabasamuni,” alisema Saïndou bila kugeuka. “Wanatutazama kwa darubini.”

Roukia alitabasamu. Nyuma yake Koko Mouzdalifa, bibi wa Mutsamudu aliyekutana naye asubuhi ile mwanzoni mwa njia, alitabasamu pia, mapengo yote nje. Juu ya genge la mawe, barazani mwa nyumba ya mapumziko, mamluki wawili wa kizungu walikuwa wamelaza bunduki mezani, kando ya chupa zao.

Kijiji kilikuwa kizuri kweli. Magenge meusi yaliteremka wima hadi baharini, na katikati yake ufuko ulijikunja kama ukucha uliokatwa. Njia ya miguu ilipita ukingoni, imepangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Wenyeji waliyapaka kwa amri ya mamluki. Wageni waliruhusiwa kupita Jumapili tu, na Saïndou ndiye aliyewaongoza.

“Hapa ndipo watu hupiga picha!” alipaza sauti, akinyoosha mkono. Kisha kwa sauti ya chini: “Kaburi liko chini ya ule mti wa mkungu. Natangulia. Nikipunga mkono, mje mmoja mmoja.”

Miaka miwili nyuma bahari ilileta maiti pale ufukoni. Saïndou na imamu waliiosha, wakaizika, wakanyamaza. Lakini siri ilivuja, ikafika Mutsamudu, ikavuka bahari hadi soko la Volo Volo, kule Moroni. Ndiko Roukia alikoisikia, akapanda ndege hadi Ouani, kisiwani humu. Mumewe Ousseni alikuwa mwalimu. Tangu siku mamluki walipoizingira shule yake, watu wa Moroni hawakumwona tena. Kadhi alikuwa amemwambia Roukia wazi: bila mashahidi wawili hakuna karatasi ya kifo, na bila karatasi hakuna eda. Na bila karatasi, askari wangeendelea kuja kila mwezi kupindua magodoro na kumwuliza mumewe yuko wapi.

Walikaa juu ya jiwe kusubiri. Koko alifungua muhogo wa kuchoma na samaki.

“Kula, mwanangu. Nyinyi watu wa Moroni mnajivunia harusi kubwa, kumbe mnadonoa kama ndege.”

Roukia alikula nusu. Nusu iliyobaki aliifunga katika jani la mgomba, akaitia mkobani.

“Unamwekea nani?”

“Mazoea tu, koko.”

Bibi alicheka. Kisha akatoa kofia nyeupe iliyodariziwa kwa mkono, vitundu vyake vidogo kama mbegu za ufuta.

“Ya Chaher, mwanangu wa kuzaa. Nilimpima kichwa kwa uzi akiwa amelala. Wakamchukua bandarini kabla sijaimaliza.” Aliikunja tena polepole. “Kama ndiye aliyelala pale, nataka kujua. Nimechoka kusimama kila mlango ukigongwa.”

“Utamjuaje, koko? Wanasema uso ulikuwa umeharibika.”

“Jino. La mbele, la juu. Alilivunja nusu akiwa na miaka tisa, akimenya dafu kwa meno kama mbuzi.”

Chini, Saïndou alipunga mkono.

“Tangulia,” alisema bibi. “Magoti yangu hayajui haraka.”

Roukia aliteremka. Chini ya mkungu palikuwa na tuta la mchanga lisilo na jina. Imamu alikaa kando yake akijifanya anashona wavu, karatasi na kalamu vikiwa chini ya goti.

“Sisi hatusemi kitu,” alisema. “Mwenye maiti ndiye anayetaja alama. Mumeo alikuwa na alama gani?”

Roukia aliitazama bahari. Alitazama juu, kwenye njia, ambako bibi alikuwa akishuka akishika jiwe moja jeupe baada ya jingine.

“Jino la mbele,” alisema. “La juu. Limevunjika nusu.”

Wanaume wawili walitazamana. Saïndou alijifuta macho. Imamu aliandika, wakatia sahihi wote wawili.

Koko alipofika alikuwa akihema. Saïndou alimshika mkono.

“Mwenye maiti amepatikana, koko. Mkewe ametaja jino kabla hatujafungua mdomo.”

“Jino?”

“Jino, koko.”

Bibi alimgeukia Roukia. Alimtazama muda mrefu, na Roukia hakuinua uso.

“Alhamdulillahi,” bibi alisema hatimaye. “Basi wangu yu hai.”

Akamtia Roukia kofia mkononi.

“Chukua. Siku ya msiba mtu harudi kwao mikono mitupu. Chaher nitamshonea nyingine. Kichwa chake kitakuwa kimekua.”

“Koko, siwezi…”

“Tabasamu, mwanangu,” alinong’ona bibi. “Wanatutazama.”

Jumatatu alasiri kadhi wa Moroni alipiga muhuri. Askari waliokuja jioni ile waliisoma karatasi mlangoni mara mbili, wakafuta jina daftarini, wakaondoka bila kugusa godoro. Majirani walileta ubani, wakalia naye, wakaenda zao. Roukia alivaa nguo za eda. Akafunga mlango wa chumba cha ndani, akachukua ufagio, akagonga dari kwa mpini: mara mbili, halafu mara moja.

Ubao ulisogea. Mkono uliokosa jua miaka miwili ulishuka, ukapokea muhogo katika jani la mgomba, kisha kofia.

“Inanikaa sawasawa,” Ousseni alinong’ona kutoka gizani. “Umeipata wapi?”